Tangi Lililopumua

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niweke sikio kwenye sanduku. Nilikuwa nimetoka Butembo na diplome yangu ya biochimie, kemia ya viumbe hai, ndani ya bahasha, nimevaa viatu vya kanisani, na nilidhani nitapewa meza na kalamu. Depo yetu ya kakao ilikuwa pembeni ya barabara inayotoka Beni kwenda Oicha, kabla kidogo ya kufika Mbau: banda refu la mabati, sakafu ya saruji, na masanduku makubwa ya mbao yaliyopangwa kama ngazi, moja juu, moja katikati, moja chini. Yote yalifunikwa kwa majani ya ndizi. Hakukuwa na moto mahali popote, lakini mvuke ulikuwa ukipanda.

Aliyenipokea alikuwa Papa Ilunga, mkubwa wa kuchachusha kakao, mtu wa Katanga aliyeletwa huku na kazi. Walimpanga kwanza Butembo, baridi ikamshinda, akaomba ateremshwe Beni. Hakuniuliza jina langu.

"Ulisoma?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulisoma kupumua?"

Nikamtolea kanuni yote kama nilivyoikariri shuleni: sukari pamoja na oksijeni hutoa gesi ya kaboni, maji na nguvu. Nilitaja hata tarakimu zinazotangulia kila kitu, kwa sauti ya mtu anayetegemea kupigiwa makofi.

"Bon," akasema. "Sasa weka sikio hapa, uniambie kama hii kintu iko mufu ao iko muzima."

Niliinama. Ndani ya sanduku kulikuwa na sauti. Haikuwa sauti ya kitu kinachochemka. Ilikuwa ndogo na nyingi, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya mlango, kila mmoja akiogopa kusikiwa na mwenzake. Nilipofunua jani, joto lilinipiga usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa, tamu kidogo, kali kidogo. Nikaruka nyuma. Papa Ilunga hakucheka.

"Iko muzima," nikasema.

"Njo kazi yetu," akajibu, yaani ndiyo kazi yetu. "Tunaangalia vile kitu inakufa muzuri."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na maneno hayo kichwani, na sikula.

Ninawaandikia ninyi mlioingia depo wakati mimi natoka. Kuhusu vyeo sitasema mengi. Kilichobadilika kwa miaka yote hiyo ni rangi ya koti, na koti la mwisho lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nitasema yale niliyofundishwa, na jambo moja nililochelewa kulifundisha.

Kakao ikitoka kwenye ganda lake, kila mbegu imevaa ute mweupe mtamu. Utamu huo hauliwi na sisi. Unaliwa na chachu, viumbe ambavyo kila kimoja ni seli moja tu, na vinakuja vyenyewe: kwenye visu, kwenye mikono, kwenye miguu ya nzi. Tukijaza sanduku, katikati ya lile rundo zito hewa haifiki. Lakini seli haingoji hewa ndipo iishi. Inavunja sukari nusu, inachota nguvu kidogo inayopatikana, na mabaki inayatupa nje: pombe na gesi. Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili sanduku hunuka kama kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Halafu tunageuza. Tunachomoa ubao, tunasukuma kakao kwa koleo la mbao mpaka sanduku la chini, na hewa inaingia. Hapo wanakuja vijidudu wengine wanaopenda hewa. Wanaichukua ile pombe wanaifanya siki, na kwa kuwa wana oksijeni wanatoa ndani yake nguvu nyingi ambayo chachu ilishindwa kuitoa. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inawaponyoka kama joto. Siku ya tatu huwezi kuacha mkono ndani ya sanduku ukamaliza Salamu Maria moja. Kwenye joto hilo na ukali huo mbegu inakufa, na isipokufa inaota, na kakao iliyoota haina harufu ambayo watu wa mbali wanaitamani.

Papa Ilunga hakuamini maneno yasiyoshikika. Wiki yangu ya pili alinipeleka nyuma ya banda, akamimina kanyanga, pombe kali ya kukeneka, kwenye kopo la sadini, akawasha kiberiti. Mwali ulikuwa wa buluu, hafifu, hauonekani vizuri kwenye kivuli.

"Hii moto yote ilikuwa mu sukari," akasema. "Chachu ilikosa hewa, ikashindwa kuitoa. Mwenye iko na hewa anakula mpaka sahani inakauka. Mwenye hana hewa anakula kidogo, anatupa ingine."

"Na sisi je, Papa?"

Akanitwisha kikapu cha kakao mbichi akanituma nipande nacho kilima mbio. Niliporudi mapaja yalikuwa yakiwaka.

"Mu miguu yako hewa ilikawia," akasema. "Seli zako zilifanya sawa chachu."

"Mbona sikulewa?"

"Chachu inatupa pombe. Weye unatupa asidi. Mungu alijua kama utazaliwa Butembo kwenye milima. Kama angekupa pombe, haungefika hata siku moja ku Misa."

Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya vyombo. Kipima joto kirefu huingizwa katikati ya sanduku, siyo pembeni, kwa sababu pembeni sanduku linadanganya. Koleo liwe la mbao, kwa maana chuma kinageuza rangi ya kakao. Na kabla ya kuingiza kichwa kwenye tangi lolote, shusha mshumaa. Alikuwa na kipande cha mshumaa wa kanisa kilichofungwa kwenye waya. Siku moja alikishusha mbele yangu kwenye tangi la kukusanyia maji ya kakao, tangi lililoonekana tupu na safi. Mwali ulisinyaa, ukajikunja, ukazimika, kama mtu ameubana kwa vidole. Chini, kwenye saruji kavu, nzi walikuwa wamelala safu kwa safu.

"Hewa yenye chachu inatupa iko nzito," akasema. "Inalala chini sawa maji. Macho hapana iona. Batu banaingia mule kama wanaingia chumba."

Baada ya miaka kadhaa alirudi kwao. Mimi nikabaki na kipima joto, makoleo na lile banda. Niseme ukweli: sikulizoea kabisa. Saa sita mchana, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, nilikuwa nikisimama peke yangu kati ya masanduku, na kunong'ona kule kulizidi kadiri nilivyonyamaza. Nilijua kila kitu kuhusu sauti ile, na bado niliona afadhali niende kula na wenzangu.

Sasa nifike kwa Mama Kahindo.

Alikuwa mjane, shamba lake lilianza chini ya depo yetu na kuteremka bondeni. Ndani ya shamba kulikuwa na tangi la saruji lililobaki tangu wakati wa kahawa. Lilikuwa limezama ubavuni mwa mteremko, refu kwenda chini kuliko watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, na juu yake tundu moja la mraba la kuingilia. Upande wa bonde, usawa wa kiuno, kulikuwa na mlango mdogo wa ubao ambapo zamani kahawa ilitolewa. Yeye alikuwa ameupigilia misumari na kuukandika udongo ili panya wasiingie.

Mwaka ule, katikati ya mavuno, risasi zilisikika upande wa msitu na watu wa Mbau wakaanza kukimbia. Mnaijua hali hiyo. Sina haja ya kuieleza. Mama Kahindo alikuwa amekwisha kupasua kakao yake yote. Kakao mbichi huwezi kukimbia nayo, na ukiiacha uwanjani wezi wanaikuta. Akaamua kuimwaga ndani ya tangi. Nilimsaidia kubeba vikapu vya mwisho, na bashi, turubai nene la kufunika tundu, nilimpa mimi kutoka depo. Tuliliwekea matofali pande zote.

"Ukirudi, uniite mbele ya kufungua," nikamwambia.

"Ndiyo, Mama Kavira."

Barabara ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani. Sikusema zaidi. Tukaondoka kwenda Beni.

Tulirudi siku ya tisa, asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Nilikuwa bado nafungua milango ya banda nilipomwona Mama Kahindo akipanda mteremko, ameshika kitenge chake mkononi ili akimbie vizuri.

"Mama Kavira, kuya uone! Bashi imevimba. Iko sawa tumbo."

"Umeigusa?"

"Sikuigusa. Ulisema nikuite."

Nilivaa buti, nikachukua mshumaa na waya. Kamba ya kufungia mizigo ilikuwa ukutani, nikaitupa begani bila kufikiri sana. Tulikuwa katikati ya njia tuliposikia sauti ya mwanamume akiita jina moja, mara tatu, nne, kwa namna ambayo huiti mtu aliye karibu yako.

Aliyekuwa akiita ni Paluku. Ndugu yake mdogo, Kasereka, alikuwa mfanyakazi wa Mama Kahindo, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Asubuhi hiyo wawili hao walikuwa wamekuja kumsaidia mama bila kuambiwa, wakamkosa, kwa sababu yeye alikuwa amepitia njia ya juu kuja kwangu. Paluku alibaki kufyeka majani yaliyoziba njia. Kasereka aliona bashi limevimba, akaondoa matofali, akateremsha ngazi ya mianzi, akashuka kutazama kama kakao imeoza. Hakupiga kelele. Paluku alisema baadaye kwamba kilichomshtua ni ukimya, kwa maana ndugu yake alikuwa mtu wa kuimba kazini, na wimbo ulikatika katikati ya neno.

Nilipofika, majirani wanne au watano walikuwa wamesimama kuzunguka tundu. Nilitazama ndani. Jua lilikuwa limeingia na lilimulika kila kitu. Kasereka alikuwa amelala ubavu juu ya kakao, shavu juu ya mkono, kama mtu aliyejipumzisha kidogo. Hakuwa na damu. Na kakao chini yake ilikuwa ikipanda na kushuka, polepole, mapovu yakipasuka pembeni mwa mabega yake, hivi kwamba alionekana kana kwamba yeye ndiye anayepumua.

"Iko napumua!" Paluku akasema. "Ona kifua! Iko napumua!"

Niliwasha mshumaa nikaushusha. Haukufika hata urefu wa mkono mmoja. Ulizimika, na moshi wa utambi haukupanda juu. Ulikaa palepale ukatandaa kama nguo iliyoanikwa.

Mama mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. "Iko mutu mungine mule," akasema kwa sauti ndogo.

Paluku alikuwa tayari na mguu kwenye ngazi. Nikamshika shati.

"Hapana ingia! Hakuna hewa mule, Paluku. Utalala pembeni yake."

"Niachie! Ni mwana mama yangu!"

"Ngoja tufungue chini kwanza."

"Atakufa tukingoja!"

Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Nilichoweza kufanya ni kumpitishia kamba chini ya makwapa, nikaifunga fundo mgongoni wakati yeye akinisukuma. Nilimwambia abane pumzi asivute hata kidogo. Aliteremka hatua moja, mbili, tatu. Kwenye hatua ya nne alimwona ndugu yake karibu, akamwita jina. Na ili kuita mtu lazima uvute pumzi. Sauti yake ilibadilika, ikawa nene na ya mbali, kama imetoka nyumba nyingine. Kisha mikono ikaachia ngazi.

Tulivuta, mimi, Mama Kahindo na wanaume wawili. Paluku alitoka na uso wa rangi ya majivu, midomo wazi. Tukamlaza kwenye majani. Nilihesabu moyoni mpaka nikachoka kuhesabu, ndipo akakohoa, akatapika, akaanza kuvuta hewa kwa mlio mbaya.

Nikachukua jembe nikakimbia kuteremka mpaka upande wa bonde. Nilipiga ule mlango wa ubao mpaka udongo ukadondoka na mbao zikapasuka. Maji ya kakao yakamwagika kwenye buti zangu, mbegu kidogo, halafu hakuna. Hakuna kitu kinachoonekana, nataka kusema. Kuna mtu alikuwa amewasha majani ya ndizi makavu pembeni ili kufukuza nyuki waliovutwa na utamu wa kakao. Niliyasogeza kwa jembe mpaka mbele ya ule mlango ili nijue hewa inakwenda wapi. Moshi haukupanda. Ulianguka chini, ukalala kwenye ardhi, ukateremka bondeni katikati ya mikakao, ukizunguka kila shina, kama kitu kinachojua njia ya kwake. Kuku mmoja na vifaranga wake walikuwa pale chini wakichakura. Vifaranga wakakaa. Kuku akasimama peke yake, akainua kichwa, naye akakaa.

Watu waliokuwa juu walikuwa wananitazama. Nilipoinua macho, wengi walikuwa wamekwisha kurudi nyuma.

Mshumaa ulipokubali kuwaka mpaka chini, wanaume wawili walishuka na kamba wakamtoa Kasereka. Nesi wa kituo cha afya alifika kwa pikipiki, akapiga magoti, akabonyeza kifua mpaka jasho lake likadondoka juu ya shati la yule mtu. Akatazama macho, akaweka vidole shingoni, akasubiri, akaweka tena. Mwishoni akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Hapo ndipo mama yao alipofika. Mama Masika alikuwa ametoka barabarani mbio, miguu mitupu. Alipiga magoti akaweka viganja viwili juu ya kifua cha mwanawe, na uso wake ukafunguka.

"Iko moto," akasema. "Mutoto wangu iko moto!"

Wanawake wakaja, wakamgusa mmoja baada ya mwingine. Kweli alikuwa wa moto. Mmoja akaanza kulia kwa furaha, mwingine akaanza wimbo wa kumshukuru Bikira Maria. "Nyamuhanga, Mungu wetu, asifiwe, bado iko!" Nesi alijaribu kusema neno, hawakumsikia.

Nilisogea nikachutama. "Mama," nikasema, "amekufa."

"Mufu iko baridi. Kila mutu anajua. Huyu iko moto kuliko miye." Akanishika mkono akauweka pale. "Weye mwenyewe gusa!"

Nikagusa. Chini ya shati kulikuwa na joto kuliko la mtu hai yeyote aliyesimama pale. Nimeshika masanduku mengi maishani, na nilijua joto lile ni la nani. Nilitamani nisijue.

"Mama, hii moto si yake," nikasema. "Ni ya kakao. Kakao ilikuwa hai chini yake, ilimupa moto yake. Yeye hana tena yake mwenyewe."

Wimbo ulikatika. Mama Masika hakulia, hakunitukana. Alirudisha viganja vyake kifuani akakaa hivyo, jua likapita juu yetu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Joto liliondoka kuanzia miguuni. Tuliona akisogeza mikono kulifuata: tumboni, kifuani, shingoni. Mwishoni akaiondoa, akaifuta kwenye kitenge.

"Sasa amekwenda," akasema.

Tulimzika kesho yake. Siku iliyofuata chef wa kijiji akaita watu mbele ya bureau, ofisi yake. Mama Kahindo aliketishwa chini, katikati. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na vijana fulani walisimama nyuma na jerikani ya petroli ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nini. Komanda wa wanajeshi, mtu wa mkoa wa Équateur, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na chef, bunduki magotini.

Walisema Kahindo ameficha kitu ndani ya tangi tangu mumewe alipokufa. Walisema alikimbia wakati Kasereka anashuka, eti kwenda kuniita, ili asionekane. Wakataja mambo waliyoyaona kwa macho yao: bashi lililovimba, mshumaa uliozimwa na asiyeonekana, moshi uliotembea chini kama nyoka, maiti iliyokataa kupoa. Nilisikiliza na nikatambua kwamba karibu kila kitu nilichofanya ili kuokoa kilikuwa kimegeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu juzi nilikuwa nimejaza kakao mbichi nusu ya ndoo kubwa yenye kifuniko. Niliifungua mbele yao, ikatoa mlio kama mtu anayeshusha pumzi. Nikashusha mshumaa, ukazimika.

"Hii Mama Kahindo hakuigusa," nikasema. "Nimeijaza miye, ku depo."

Halafu sauti moja nyuma ikasema, "Basi Mama Kavira naye iko mulozi, muchawi sawa Kahindo." Sikulitarajia hilo, ingawa nilipaswa.

Nilichukua chupa kubwa ya kioo, ile ya kuwekea sampuli, na mrija, nikampa komanda. Nilimwomba abane pumzi kadiri awezavyo, kisha apulize ndani yake kwa mrija, na afanye hivyo mara kadhaa. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kukaa. Alipomaliza nikawasha tena mshumaa nikaushusha ndani ya chupa yake. Ukazimika. Nikapunga chupa hewani ikajaa hewa ya kawaida, nikauwasha mshumaa upya nikaushusha tena. Ukawaka.

Komanda aliitazama chupa. "Na ngai nazali ndoki?" akauliza kwa Lingala, akimaanisha, na mimi pia ni mchawi? Wachache wakacheka, siyo kwa furaha.

"Hapana, Komanda. Kila mutu yuko hapa anatupa hiyo hewa. Mu seli zako zote sukari inavunjika, unapata nguvu, na ile yenye inabaki unaitupa na pua. Chachu nayo inatupa. Yetu inakwenda na upepo. Ya tangi ilifungiwa siku tisa na bashi."

Ningeweza kuishia hapo, na pengine ingetosha. Lakini Mama Kahindo alikuwa akinitazama kutoka pale chini, na hakuwa amesema neno lolote juu yangu tangu asubuhi.

"Ile bashi ni yangu," nikasema. "Miye njo nilimupa. Nilijua hewa itakuwa mule. Nilimwambia aniite, na aliniita. Lakini sikumwambia ni kwa nini. Kama angejua kwa nini, angeacha mutu ya kulinda pale. Angewaambia bote. Nilikuwa na haraka ya kukimbia sawa ninyi. Kama munatafuta mwenye kosa, iko hapa."

Hilo ndilo nililochelewa kulifundisha, na ndiyo sababu ya kuandika. Nilikuwa nimetoa amri sahihi bila sababu yake, nayo haikuweza kutembea kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Wekeni mabango, fungeni makufuli, lakini mwambieni mtu kwa nini, hata kama barabara imejaa magodoro.

Chef alikuna kidevu. Akamwita Paluku, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha bureau na blanketi mabegani, ingawa jua lilikuwa kali.

"Weye njo ulishuka ukarudi," chef akasema. "Sema. Uliona nani mule?"

Watu wote waligeuka. Mpaka wale vijana wa nyuma walisogea mbele. Paluku alisimama.

"Nilimusikia mutu iko napumua," akasema, na mnong'ono ukapita kati ya watu. Akainua mkono. "Mungoje. Nilimusikia. Nikasema ni Kasereka. Nikateremuka. Halafu miguu yangu ikapotea, na mikono, na nikajua kama si Kasereka. Nikatafuta mule ni nani. Nilitaka nimuone. Kama ningemuona ningemuchukia, mupaka leo ningekuwa na mutu ya kuchukia." Alimtazama Mama Kahindo, halafu mimi. "Hakukuwa mutu. Batu banasema ninaogopa kumutaja. Hakuna wa kutaja. Njo ile inaniogopesha."

Akaketi tena, akavuta blanketi.

Chef hakutoa hukumu yoyote. Alisema tu kwamba mkutano umekwisha, na watu hawakuondoka. Walibaki wamesimama na vijana wakabaki na jerikani yao, na katikati Mama Kahindo hakujua kama anaruhusiwa kuinuka. Kutoka pale mpaka nyumbani kwake ni mwendo mrefu wa barabara, na migomba imesongamana pande zote mbili.

Mama Masika alikuwa ameketi na wanawake wa familia yake, amefunga kitambaa cha matanga kichwani. Aliinuka. Alipita kati ya watu bila kumsukuma yeyote, akafika mbele ya Mama Kahindo, akamnyoshea mkono.

"Simama," akasema. "Barabara ni ndefu. Hauwezi kuipita peke yako."

Mama Kahindo aliushika ule mkono na akainuka. Walitembea bega kwa bega kuelekea Mbau, mama wa marehemu upande wa kulia, ambako vijana walikuwa wamesimama. Vijana wakapisha.